Kabla ya Kununua Skrini ya Kuchorea, Kagua Ubavu wa Laptopu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kakamega aliniandikia: "Kaka, nimedunduliza elfu 25 kwa kuchora kadi za harusi. Ninunue skrini gani ya kuchorea?" Ndiyo ile unayoichomeka kwenye laptopu na kuchora kwa kalamu juu ya picha yenyewe. Nikasema nimjibu kwa mistari miwili nilale. Saa saba usiku bado nilikuwa naandika. Kumbe kidonda changu hakijapona.

Mimi nilianza na lile bamba jeusi la kuchorea lisiloonyesha picha, mkono uko mezani na macho yako kwenye laptopu. Nikaamini ndilo linalonikwamisha. (Uvivu ndio ulionikwamisha, lakini tuyaache hayo.) Nikaona tangazo la skrini ya inchi 15.6, mtumba, elfu 19. Tukakutana na muuzaji kando ya Kenyatta Avenue hapa Nakuru, akaichomeka kwenye laptopu yake, ikawaka, nikamtumia pesa kwa M-Pesa papo hapo. Kwenye matatu ya Section 58 niliipakata kama mtoto mchanga anayetoka hospitali.

Nyumbani ndipo nilipogundua laptopu yangu haina tundu la HDMI, lile linalopeleka picha kwenye skrini nyingine. Lilikuwepo moja la USB-C, nikachomeka huko kwa imani. Skrini ikaniandikia kwa Kizungu kwamba haioni kitu, kisha ikazima. Fundi alinicheka kabla hajanieleza: si kila USB-C hupitisha picha, nyingine ni za chaji na mafaili tu. Mpaka tundu liwe na DisplayPort ndani yake, yaani njia ya kupitisha picha.

Nikaazima laptopu kuukuu ya dada yangu, yenye HDMI, na mpaka leo sijairudisha. Hapo nikakutana na balaa la pili. Kioo cha skrini ile hakikuwa kimelaminishwa, yaani kati ya kioo na picha kulikuwa na nafasi. Nachora kope, mstari unaibuka kando ya ncha ya kalamu. Umewahi kutazama kijiko ndani ya glasi ya maji kinavyoonekana kimevunjika? Ndivyo mkono wangu ulivyokuwa. Nilipanga upya vipimo vya kalamu, katikati pakatulia, pembeni pakazidi kupotoka. Muuzaji akawa hashiki simu. Mpaka leo nikipita pale macho yangu yanamtafuta.

Niliiuza kwa elfu 11, na mnunuzi nilimwambia kasoro zote. Miezi ikapita, nikanunua skrini ya Huion Kamvas 13, mpya, inchi 13.3, kioo kimelaminishwa, kalamu haitaki betri. Mwezi jana nimemaliza juu yake kurasa 32 za kitabu cha watoto, na mteja hakurudisha hata moja. Naringa, ndiyo. Acheni niringe.

Sasa nyinyi mnaoniuliza kila siku, sikilizeni. Inchi hazichori. Picha ya nukta 1920 kwa 1080 kwenye inchi 13 inatosha kazi ya kulipwa, na meza yako pengine ndiyo hiyo unayolia chakula. Namba za mgandamizo wa kalamu, yaani inavyohisi unavyoikandamiza, nazo zisikuzuzue: skrini ya Wacom One iliyotoka 2020 ina viwango 4096, za bei nafuu zinajisifu kwa 8192, na mkono wako hautajua tofauti. Uliza kuhusu kulaminishwa. Uliza tena. Ukinunua mtumba nenda na laptopu yako mwenyewe, uchore mstari mrefu polepole kutoka pembe hadi pembe, uone kama unatetemeka. Hesabu ncha za akiba za kalamu, maana zinalika. Programu ya kuchorea usinunue, Krita ni ya bure na ndiyo niliyotumia kwa kitabu kizima.

Na stima. Kebo yangu upande wa laptopu ina vichwa vitatu: HDMI, USB ya kalamu, na USB nyekundu ya umeme. Stima ikipotea, ile nyekundu naichomeka kwenye pawabenki nikaendelea. Zipo skrini zinazotaka soketi ya ukutani. Stima ikikatika laptopu inabaki hai na skrini inakufa katikati ya mstari. Mtu anayeishi huku kwetu anahitaji kuambiwa hilo kweli?

Dada wa Kakamega nilimwambia asitume pesa popote kabla hajanionyesha ubavu wa laptopu yake. Jana picha ikaja. HDMI ipo, imejaa vumbi.