Auze mapema, angali na uwezo wa kukataa bei

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Ukame ukija, mfugaji auze ng'ombe wake au avumilie asubiri mvua?" Mimi ni mchuuzi wa ng'ombe. Nanunua kwenye minada ya Handeni na Kilindi, nauza kwa wenye bucha wa Korogwe na Tanga mjini. Swali kama hili kwa kawaida hujibiwa na wataalamu wa mifugo au na wafugaji wenyewe, na sisi wanunuzi hutajwa mwishoni kama watu wanaonyonya. Naomba nafasi nieleze jinsi bei ya ng'ombe wa ukame inavyopatikana kwa upande wa mwenye fedha mkononi, maana mfugaji akiijua ataweza kujilinda.

Jibu langu ni kwamba auze, tena auze mapema, na auze wale tu wanaostahili kuuzwa. Mvua ikinyesha au isinyeshe, anayeuza mapema ana kitu ambacho anayesubiri hadi Januari, ukame umeshakaza, hana: anaweza kukataa bei na kurudi na ng'ombe wake nyumbani.

Asiyewahi kufika kwenye mnada wetu anaweza kudhani kuna mtu amesimama juu ya meza anapaza sauti, na bei inapanda hadi anayebaki wa mwisho. Minada yetu ya awali, ile inayosimamiwa na halmashauri, haiendi hivyo. Ni mapatano ya watu wawili na dalali katikati. Dalali ananong'ona huku, ananong'ona kule, anashika mikono ya wote wawili anaigonganisha, na hapo biashara imekwisha. Kinachofuata ni ushuru, risiti na kibali cha kusafirisha. Wanunuzi wanajuana. Wakati wa ukame, ng'ombe wamejaa uwanjani na wanunuzi ni walewale, hakuna mwenye haraka ya kumpandia mwenzake bei.

Nieleze kinachotokea. Mnunuzi anamwendea ng'ombe kwa nyuma. Anaweka kiganja kiunoni, anabonyeza karibu na mifupa ya nyonga, halafu anashika shina la mkia. Kwa ng'ombe mwenye nyama kidole kinazama kidogo. Kwa aliyekonda kinagonga mfupa. Anatazama nundu: ikiwa imelala upande, ujue akiba ya mwilini imekwisha. Anafungua mdomo kutazama meno, ili ajue kama huyu ni dume la miaka miwili mitatu au ni mzee ambaye meno yamelika. Anamsukuma kidogo ubavuni aone kama miguu itamshika. Yote hayo hayazidi dakika moja.

Kisha anamgeukia mwenye ng'ombe. "Shikamoo mzee. Umetokea wapi?" Mzee anajibu kwa moyo mweupe: mbele ya Kibirashi. "Duh, poleni sana. Mmeswaga siku ngapi?" Siku mbili. "Na maji njiani mmepata?" Hapana, mwanangu, kisima cha mwisho kilikuwa matope. Mzee anaona amepata kijana mwenye adabu. Lakini kwa majibu hayo matatu bei imeshashuka, kwa sababu mnunuzi amejua kwamba ng'ombe huyu hawezi kutembea siku mbili nyingine kurudi alikotoka. Mzee anataja laki saba. Anaambiwa laki mbili na nusu, na mnunuzi anaondoka zake kwenda kutazama wengine. Hana wasiwasi. Ikifika saa nane mchana, jua likiwa kali na ng'ombe ameshalala chini, dalali atakuja mwenyewe kumwita.

Nisieleweke kwamba bei yote ya chini ni wizi. Ng'ombe dhaifu ana hatari ya kweli, na mnunuzi lazima aipigie hesabu. Kwenye lori, aliyekosa nguvu huanguka, wenzake wanamkanyaga. Akifa kabla ya kisu ni kibudu, na huku kwetu Tanga hakuna mwenye bucha wa kukigusa. Hasara ni yangu asilimia mia. Akifika hai lakini amekondeana kupita kiasi, mkaguzi wa nyama ana haki ya kuitupa nyama yake. Ng'ombe wetu wa asili akiwa na afya, nusu ya uzito wake hivi inaingia bucha. Akikonda sehemu hiyo inapungua, maana ngozi, kwato na kichwa havikondi. Na bucha zenyewe wiki hizo zimejaa nyama, kwa sababu kila mtu ameuza wiki ileile. Hayo yote ni halali kuyatoa kwenye bei. Kisicho halali moyoni mwangu ni kile kipande kinachokatwa kwa sababu tu mzee hana pa kwenda na ng'ombe wake. Na kipande hicho ni kikubwa.

Sasa tuingie kwenye hesabu, na hii ni ya mfano tu. Tuseme mwezi wa Novemba maksai, yaani dume lililohasiwa, ana kilo 300 na kilo moja ya ng'ombe hai inakwenda 2,500. Hiyo ni 750,000. Tuseme gunia la mahindi la kilo 100 ni 60,000; maksai mmoja anaingiza nyumbani magunia 12 na chenji. Subiri hadi mwishoni mwa Januari bila mvua. Maksai yuleyule ana kilo 230, bei ya kilo imeshuka hadi 1,500, anauzwa 345,000. Gunia nalo limepanda hadi 100,000, kwa sababu ukame ule uliokausha majani umekausha na mahindi. Sasa anapata magunia matatu na nusu hivi. Ng'ombe ni yuleyule na mwenye ng'ombe ni yuleyule. Amepoteza mara tatu: kilo zimepungua, bei ya kila kilo imepungua, na shilingi anayoipata inanunua chakula kidogo zaidi. Watu wengi hulalamikia ile hasara ya katikati tu, kwa sababu ndiyo inayoonekana uwanjani.

Wafugaji wana hoja yao, na haipaswi kubezwa. Mzee mmoja wa Kiparakuyo, wafugaji jamaa wa Wamasai, aliwahi kuniambia: wewe wa ng'ombe kumi wakifa sita unabaki na wanne, utaanza upya na nini? Mimi wa mia moja wakifa sitini nimebaki na arobaini, na baada ya miaka michache nimesimama tena. Ni hesabu sahihi. Kwa mtu ambaye hana benki karibu, hana bima, na anaishi mahali ambapo ukame unarudi kila baada ya miaka michache, wingi ndiyo kinga yake. Anayemwambia mfugaji "punguza mifugo" na kuishia hapo, hajamwambia kitu.

Lakini katika hao mia moja, si wote wanaofanya kazi ya kulirudisha kundi. Anayelirudisha ni jike linalozaa, na mtamba, yaani jike changa litakalozaa. Jike hubeba mimba miezi tisa, na mtamba wetu wa asili huweza kufika miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Ukimuuza mtamba Januari kwa bei ya mbuzi, umeuza miaka hiyo yote. Maksai, madume ya ziada, jike tasa, jike zee lililomaliza meno, hao hawazai chochote kipindi cha ukame zaidi ya kula majani yaleyale na kunywa maji yaleyale anayoyahitaji jike mwenye mimba. Hao ndio wa kupelekwa mnadani kwanza, wangali na nyama, wangali wanatembea wima.

Na fedha yao ndiyo inayoweza kuwaokoa waliobaki. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Robota moja, yaani furushi la majani makavu yaliyofungwa, la kilo 15 halimfikishi siku tatu. Kulisha kundi la ng'ombe 40 kwa robota miezi mitatu ni zaidi ya robota 1,400. Hakuna mfugaji wa Kilindi atakayefanya hivyo na simshauri. Lakini chagua majike 15 yenye mimba au yanayonyonyesha, uyape nusu ya chakula hicho kizizini jioni, nusu nyingine yatafute yenyewe porini. Kwa siku 90 ni robota 270. Tuseme robota ni 5,000: jumla 1,350,000. Maksai wawili wa Novemba wanalipa yote na inabaki chenji ya chumvi na dawa. Kwa bei ya Januari utahitaji maksai wanne, na Januari robota haliuzwi tena 5,000, kama lipo.

Lini basi ni mapema? Kwetu vuli hutegemewa kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika Machi hadi Mei. Mfugaji hahitaji kusubiri mizoga ndipo ajue. Ikifika katikati ya Novemba na mabwawa hayajajaa, majani hayajaota, hapo ndipo pa kuamua. Vuli ya 2021 ilipokosekana, mwanzoni mwa 2022 mizoga ilizagaa Simanjiro na Longido. Wenye ng'ombe wa upande wa Kiteto na Simanjiro wanapokosa majani huswaga kuja huku Kilindi na Handeni, wengine hadi kando ya mto Pangani. Ina maana hata kama kijijini kwako umepata manyunyu, ng'ombe wa wenzako wanakuja kula majani yako na kushusha bei ya mnada wako. Ongeza na Januari yenyewe: shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinatakiwa, kila boma lina sababu ya kuuza ng'ombe mmoja wiki ileile.

Mvua zikianza nazo zina hatari yake, na wengi hulisahau hili. Ng'ombe aliyebaki mifupa, mvua ya kwanza yenye baridi usiku ndiyo humwangusha. Nimeona boma zinamwinua jike kila asubuhi, vijana wawili wameshika mkia na mmoja pembe, mwezi mzima, halafu mvua ikaja na wakamkuta amekufa majani yakiwa ndiyo kwanza yanachipua.

Kwa mfugaji wa mkoa wetu kuna soko jingine la kulikumbuka, nalo ni Idi ya kuchinja. Husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo huweza kupangwa. Ng'ombe wa udhia awe ametimiza miaka miwili, asiwe kilema, asiwe kipofu, asiwe amekonda akaisha uboho. Watu saba wanaweza kuchangia mmoja, na Tanga mjini watu huchangia kweli. Madume mawili yaliyolishwa vizuri yakawekwa kwa ajili ya siku hiyo huuzwa kwa bei ambayo mnunuzi hana njia ya kuikandamiza, kwa sababu siku hiyo mwenye haraka ni yeye.

Hadi hapa nimeongea na mfugaji. Ila si haki kumwachia yeye peke yake. Halmashauri inakusanya ushuru kwa kila ng'ombe anayeuzwa. Kwa ushuru huo mnada ungeweza kuwa na birika la maji, zizi la kulaza ng'ombe ambao hawakuuzika, na banda la robota za kununua kwa bei ya kawaida. Mzee wa Kibirashi akijua kwamba ng'ombe wake atakunywa, atakula na atalala salama hadi mnada ujao, ataweza kusema hapana saa nane mchana. Birika hilo litapandisha bei kuliko hotuba kumi. Mizani nayo ifanye kazi. Wizara imehimiza siku nyingi ng'ombe wauzwe kwa kilo, na mimi kama mnunuzi naiunga mkono, kwa sababu mizani haimuulizi mwenye ng'ombe ametembea siku ngapi.

Serikali kuu nayo ina la kufanya. Baada ya ukame wa 2009 ilitoa ng'ombe kwa wafugaji wa Longido, Monduli na Ngorongoro waliofilisika. Ilikuwa huruma ya kweli. Lakini kumnunulia mtu ng'ombe baada ya wake kufa ni ghali kuliko kununua wale dhaifu wangali hai. Majirani zetu Kenya, ukame wa 2021 ulipokaza, serikali yao iliagiza mifugo inunuliwe kwa wafugaji kupitia Kenya Meat Commission, shirika lao la umma la nyama. Akija mnunuzi mmoja tu mwenye bei ya chini inayojulikana, sisi wachuuzi hatuwezi tena kushuka chini yake. Na nyama hiyo haitakosa walaji: shule za bweni na magereza zinahitaji nyama kila wiki.

Bajeti za halmashauri hupangwa katika miezi hiyohiyo ya vuli kukosekana na wazazi kuuza ng'ombe wa sare. Diwani wa kata yenye mnada akisimama kuomba birika na zizi mwaka huu, wafugaji waende wakajaze ukumbi, na sisi wanunuzi tunaotaka biashara safi twende tukae nao.