Nina Simone alianza na piano, si sauti

Dadangu, umeuliza Nina Simone, yule mwimbaji wa Marekani, aliingiaje kwenye jazi na soul ilhali hakusomea uimbaji. Ni shida tu ilimsukuma. Alizaliwa 1933 Tryon, North Carolina, jina lake Eunice Waymon, mamake mhubiri. Piano alianza kuipigia kanisani angali mdogo, kama watoto wetu hapa Mombasa wanavyoanzia sauti kwenye kasida za maulidi. Ndoto yake ilikuwa kupiga muziki wa Bach, yule mtunzi wa kale wa Kijerumani. Mwaka 1954 akapata kazi kwenye baa Atlantic City, mwenye baa akamwambia asipoimba kazi hana. Ndipo akajibadili jina, mamake asijue (kanisa na baa, wapi na wapi!). Msikilize akiimba "Love Me or Leave Me": katikati vidole vinapiga kwa mtindo wa Bach kabisa. Nikivuka feri ya Likoni huirudia hapo hapo.