Asilimia ya nini hasa?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini serikali isiamuru kila kiwanda kitumie asilimia 60 ya bidhaa za nchini kuanzia mwaka ujao. Nia hiyo naiunga mkono kwa dhati, ila kwanza tuulizane ni asilimia ya nini. Mkataba wa reli ya SGR kutoka hapa Mombasa hadi Nairobi ulidai asilimia 40 itoke nchini. Saruji ilitoka nchini, ilhali injini na mabehewa vilishushwa Kilindini kutoka China, na ujuzi wa kuviunda ukabaki hukohuko.

Tazama magari yanayounganishwa hapa mjini: sehemu zake huja ndani ya makasha, bodi ikachomelewa, ikapakwa rangi, kisha injini ikafungwa. Betri na springi tunaziweza, na hizo ndizo za kuwekewa sharti sasa. Lakini ukilazimisha giaboksi ya nchini ilhali hakuna anayeitengeneza, bei itapanda na mnunuzi atakimbilia gari kuukuu la Japani, kisha hata mchomeleaji tuliyetaka kumlinda akose kazi.

Aidha, makubaliano ya TRIMs ya Shirika la Biashara Duniani, yanayohusu masharti ya uwekezaji yanayogusa biashara, yanakataza masharti ya namna hii, na India ilishindwa kesi mwaka 2016 kwa kuweka sharti la kutumia paneli za sola za nchini mwake. Manunuzi ya serikali kwa matumizi yake yenyewe yana nafasi pana zaidi kisheria, kwa hiyo mimi ningeanzia kwenye sare za askari na madawati ya shule, kwa asilimia inayopanda kwa ratiba iliyotangazwa mapema.