Re: Nimetembea Offa's Dyke siku nzima, tuta lenyewe sijaliona

Mambo mkuu. Kwa hiyo ulianzia Hay-on-Wye ukashuka kusini ukitegemea tuta la mfalme Offa (Offa's Dyke, lile boma refu la udongo la kale karibu na mpaka wa England na Wales), ukaishia kuona nyasi na upepo tu. Cheki kwanza ulikuwa kipande gani, maana njia ya miguu na tuta ni vitu viwili tofauti: njia ni kilomita 285 hivi, Chepstow mpaka Prestatyn, ilifunguliwa 1971, na huko Black Mountains ulikopita wewe inafuata mgongo wa mlima, tuta halipo kabisa.

Nenda mji wa Knighton, treni inafika ila ni chache kwa siku so angalia ratiba ya kurudi, halafu panda kaskazini mpaka Llanfair Hill. Kule utaliona bila kuuliza mtu, ukishuka kwenye handaki tuta linakuzidi kimo, kondoo wamejilaza juu kama kwao. Handaki liko upande wa magharibi, wa Wales, yaani aliyekuwa anazuiwa anajulikana (Offa alitawala Mercia, ufalme wa kale wa England, 757 hadi 796). Ramani ya Ordnance Survey, wale wachora ramani rasmi wa Uingereza, imeliandika tuta kwa herufi za kizamani, fuata hizo, achana na alama za njia. Na usilipande juu, udongo unamomonyoka.