Maswali na Majibu: Kabla Hujawa Bosi wa Lori Lako

Ninaendesha semi la mtu. Naona mzigo mmoja unavyomlipa bosi na mimi ninachopata, tofauti ni kubwa mno. Nikinunua langu si nitachukua zote?

Utazipokea zote, ndiyo. Kuzibakiza ni jambo jingine. Barua za namna hii huja kila mara na zote zina kasoro ileile: zinataja malipo ya mzigo na hazisemi lolote kuhusu safari ya kurudi.

Gharama za lori zina makundi mawili. Za kudumu unalipa hata likiwa limeegeshwa: bima, leseni, rejesho la mkopo, maegesho. Za mwendo hukua na kilomita: dizeli, matairi, oili, spea, tozo za barabara. Tuseme za kudumu ni 6,000 kwa mwezi, kwa fedha yoyote unayotumia, na za mwendo ni 0.9 kwa kilomita. Ukikimbia kilomita 12,000 kwa mwezi, jumla ni 16,800, yaani 1.4 kwa kilomita. Ukikimbia 6,000 tu, kila kilomita inakugharimu 1.9, ingawa lori ni lilelile na dereva ni yuleyule.

Sasa toa kilomita tupu. Kama katika zile 12,000 ulikuwa na mzigo kwa 7,000 tu, zile 16,800 zinabebwa na kilomita 7,000: ni 2.4 kwa kila kilomita yenye mzigo. Dalali akikupa 2.0 utafurahi, kwa kuwa kichwani una ile 1.4, kumbe unakula hasara. Na hapo bado hujajilipa mshahara. Weka mshahara wako wa sasa wa udereva kwenye gharama, kisha tazama kinachobaki. Kama hakibaki kitu, hujaanzisha biashara, umenunua kazi uliyokuwa nayo tayari, na sasa hasara ni yako.

Rejesho la mkopo na uchakavu wa lori, vyote nivihesabu?

Si kwenye daftari moja. Ukitaka kujua kama fedha za mwezi zitatosha, hesabu rejesho lote. Ukitaka kujua kama unapata faida, hesabu riba pamoja na uchakavu, yaani bei ya kununua ukitoa bei utakayouzia, ugawe kwa miezi utakayolitumia. Ukijumlisha rejesho zima na uchakavu, umelipia lori mara mbili. Usipohesabu uchakavu kabisa, utamaliza mkopo ukiwa na chuma chakavu, bila fedha ya kununua lori jingine. Kosa hili la pili ndilo lililoenea.

Jipya au mtumba?

Mtumba una rejesho dogo na bili kubwa za fundi. Jipya kinyume chake. Kinachoumiza ni mtumba uliochoka kwa mkopo mrefu: injini inadai kufunguliwa kabla deni halijaisha, na mwezi huohuo benki nayo inadai.

Ukienda kulitazama, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukikuta injini ina joto, jiulize kwa nini. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata joto huenda ni maji yanayoingia kwenye silinda, au injekta zisizochoma dizeli vizuri. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma: ikipumua kwa nguvu, huenda ringi za pistoni zimeisha. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji. Mapovu mfululizo kwenye rejeta mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Kisha ingia chini ukague chesisi, hasa karibu na sahani ya kuungia tela: nyufa na welding ya juzijuzi ni dalili ya kubebeshwa kupita kiasi. Tairi za mbele zikiliwa upande mmoja, uliza habari za bushi na kingpini, yaani pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia.

Kama ipo maabara ya kupima oili, peleka sampuli kabla ya kulipa. Shaba na risasi nyingi ni beringi zinazoisha. Silikoni nyingi ni vumbi lililopita kwenye chujio la hewa bovu. Kipimo hicho ni rahisi mno ukilinganisha na kufungua injini. Na namba za kilomita kwenye dashibodi msiziamini. Linganisheni na kumbukumbu za sevisi na zilizomo kwenye kompyuta ya lori.

Kampuni ninayoifanyia kazi inataka kuniuzia lori kwa kukata kidogo kidogo kwenye malipo ya mizigo. Nisaini?

Hapana, mpaka mkataba uonyeshe kwa maandishi: lori limesajiliwa kwa jina la nani, makato yanaendelea au yanasimama lori likiwa gereji, wanakuhakikishia kilomita ngapi kwa mwezi, unaruhusiwa kuchukua mzigo kwingine, fedha wanazokukata kwa ajili ya matengenezo ni za nani ukiondoka, na kama kuna donge la mwisho la kulipa kwa mkupuo. Anayekuuzia lori ndiye huyohuyo anayekugawia mizigo, kwa hiyo anaweza kukufilisi kwa kukaa kimya tu. Ukishindwa katika mwezi wa mwisho, lori linarudi kwake, naye analiuza upya kwa mwingine. Zipo kampuni zilizofanya hivyo kuwa biashara kamili.

Biashara ya lori inalipa?

Mzigo gani, kilomita ngapi, unarudi na nini? Nimeshaomba mara kadhaa msinitumie swali hili likiwa uchi.

Mteja mkubwa ananipa mizigo ya uhakika ila analipa baada ya siku 60. Wapo wanaonunua ankara, yaani wananilipa mapema kisha wao wanamsubiri mteja, kwa makato ya asilimia 3. Ni sawa?

Dizeli hulipwa leo. Siku 60 maana yake wewe unamkopesha mteja gharama za miezi miwili bila riba. Kama huna mtaji huo, kazi hiyo itakusimamisha ukiwa na faida kwenye karatasi. Asilimia 3 kwa mkopo wa siku 60 ni zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka. Kwa siku 30 inapita 36. Na kama faida yako ni asilimia 10 ya malipo, karibu theluthi yake imekwenda. Uliza pia nani anabeba hasara mteja asipolipa. Mara nyingi ni wewe. Peleka hati ya kupokelewa mzigo siku ileile, ikiwa imesainiwa na kugongwa muhuri, maana siku za kusubiri huhesabiwa tangu karatasi zikamilike.

Nipunguze vipi mafuta?

Zima injini ukilala. Ikiunguruma bure inakunywa karibu lita 3 kwa saa. Saa 6 kwa usiku, usiku 25, ni lita 450. Linganisha na kushusha ulaji kutoka lita 40 hadi 38 kwa kilomita 100: kwa kilomita 12,000 unaokoa 240. Kisha punguza spidi, na pima upepo wa matairi kwa geji, si kwa kuyapiga teke. Semi la ekseli sita lina matairi 22 hivi, na moja lenye upepo pungufu kwenye jozi humwachia mwenzake mzigo wote mpaka apasuke.

Akiba kiasi gani kabla ya kuanza?

Gharama za kudumu za miezi mitatu, pamoja na bei ya kufungua injini. Hiyo ni juu ya malipo ya awali ya lori.

Naandika kila kitu kichwani, inatosha?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika lita, kilomita zenye mzigo na kilomita tupu kila safari. Ukiniletea swali la faida bila namba hizo tatu, sitalijibu.