Kabla ya fomyula, andika foleni zote

Muhula wa kwanza wa masta hapa Mbeya nilizikariri namba za Catalan, zinazohesabu njia za kupanga vitu bila kuvunja sharti fulani, kama sala: 1, 1, 2, 5, 14, 42, 132. Fomyula naijua, uthibitisho wa indaksheni, ule wa kupanda hatua kwa hatua kutoka namba moja kwenda inayofuata, naujua. Siku ya semina nikaulizwa, "Hizo tano ni zipi?" Nilibaki nimeshika chaki.

Jibu nililipata Mwanjelwa, kwa mama anayechoma mahindi. Hindi ni shilingi 500, naye anaanza biashara hana chenji. Tuseme wanakuja wateja sita: watatu wana mia tano, watatu wana elfu moja. Wapange foleni vipi ili asikwame chenji hata mara moja? Usiku ule chumbani Uyole, blanketi mabegani kwa baridi ya Julai, niliandika foleni zote 20, T kwa mia tano, E kwa elfu. Zilizopita: TTTEEE, TTETEE, TTEETE, TETTEE, TETETE. Ndizo hizo tano.

Sasa zile 15 zilizokwama. Chukua TEETTE: mama anakwama kwa mteja wa tatu. Kuanzia mwanzo mpaka hapo alipokwama, T igeuze E, na E igeuze T. Unapata ETTTTE, yenye T nne na E mbili. Kila foleni iliyokwama ina mwenzake mmoja wa aina hiyo, na njia ya kurudi ipo. Foleni za T nne na E mbili ni 15, basi 20 toa 15. Indaksheni ilinihakikishia jibu miezi yote ile bila kunionyesha foleni hata moja.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza kombinatoriki, hisabati ya kuhesabu mipangilio, kesi ndogo ziandike kwa mkono kabla hujafungua sura. Zinakula muda na karatasi, zipe.

Ukifika kwenye mazoezi ya vitabu vya Richard Stanley, mwanahisabati wa Marekani, angalia kwanza namba ya ugumu: 1 ni jepesi, 5 halijatatuliwa na yeyote. Mimi niliwahi kupoteza usingizi bila kuisoma. Huyu huyu mwaka 2015 alichapisha orodha ya vitu 214 vinavyohesabiwa na namba za Catalan. Chagua viwili, utafute mwenyewe jinsi kila mpangilio wa kimoja unavyompata mwenzake mmoja kwenye kingine.

Leo anza na wateja wanane. Foleni ni 70, zinazokwama 56. Zile 14 ziandike zote.