“Inaongelea kuhusu” haihakiki kitu

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa Bukavu, mji wa Kongo kando ya ziwa Kivu. Sambaza anaowataja ni samaki wadogo wa ziwa hilo. Naliweka kama alivyoliandika:

“Jambo sana mwalimu. Niko mwanafunzi wa mwaka wa pili. Prof ametupatia makala moja ya kurasa ine juu ya sambaza wa ziwa Kivu, ametuambia tuikritike. Mwenzangu anasema kukritike ni kutafuta makosa tu. Mimi nasema ni kueleza makala inasema nini. Tena kwa Kiswahili kizuri tuandike kukritike, kukosoa ao kuhakiki? Nani yuko na haki?”

Andika kuhakiki. Kazi yenyewe ni uhakiki, anayeifanya ni mhakiki. Neno lina asili ya Kiarabu, ukoo mmoja na haki, hakika na hakikisha: unalitazama jambo mpaka ujue kama lina ukweli. Kukritike tumelichukua kwenye Kifaransa, na mitaani kwetu limeshageuka. Mtu akilalamika kwamba jirani anamkritike, maana yake anamsema vibaya. Ndipo mwenzako alipopotea. Kukosoa nalo linaonewa bure. Kosa na kosoa vinakwenda pamoja kama funga na fungua, kunja na kunjua. Anayekosoa analitengua kosa, na hawezi kulitengua kabla hajalionyesha lilipo. Kwa hiyo kukosoa kumo ndani ya uhakiki, ila hakuujazi wote. Wewe na mwenzako kila mmoja ameshika kipande.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Dada, umeniambatishia aya yako ya kwanza, nayo inaanza hivi: “Makala hii inaongelea kuhusu sambaza wa ziwa Kivu. Mwandishi anaongelea pia kuhusu wavuvi, na mwishoni anaongelea kuhusu bei ya sokoni.”

Mara tatu katika mistari miwili! Sikulaumu peke yako. Sentensi hiyo nimeikuta kwenye madaftari ya sekondari, kwenye kazi za kumaliza masomo, na redioni nimeisikia kwa watu wenye diploma kubwa. Kila ninapoikuta naona mtu aliyefika mlangoni pa kitabu akakataa kuingia.

Tuanze na sarufi. Ongea ukikipa kiambishi cha kutendea unapata ongelea, na hiyo “kuhusu” imeshamo ndani ya kitenzi. Mama akikupikia sombe, husemi “amenipikia kwa ajili yangu”. Basi “inaongelea kuhusu” ni kosa lile lile: kazi moja imepewa watumishi wawili. Sema inaongelea sambaza, au inazungumzia sambaza, au ukitaka kuhusu yako, sema inaongea kuhusu sambaza. Ukiweka “juu ya” hali inazidi kuwa mbaya, maana huku kwetu juu ni pia kwa sababu. “Sikuja juu ya mvua,” tunasema. Mwandishi aliyeongelea juu ya sambaza aliwazungumzia, au ni wao waliomfanya azungumze?

Tabia hii najua inakotoka. Tunasoma kwa Kifaransa, tunaandika maelezo ya darasani kwa Kifaransa, kisha jioni tunageuza neno kwa neno. Kitenzi cha Kifaransa kinahitaji kile kineno cha kukifuata kwa sababu hakina kiambishi cha kukibebea mzigo. Chetu kinacho. Tumepewa mkono wa pili na bado tunaazima wa jirani.

Lakini hata ukiisafisha sarufi, ukaandika “makala hii inazungumzia sambaza”, bado sijaridhika, na hapa ndipo ninapoomba unisikilize vizuri. Kitenzi hicho hakisemi mwandishi amefanya nini. Kuzungumzia sambaza hata mpita njia anaweza. Mhakiki anatakiwa atuambie kama mwandishi amedai, ameonyesha, amedokeza, amekanusha au amepuuza, kwa sababu kila kimoja cha vitenzi hivyo kinamfunga mhakiki kwa swali lake.

Jaribu kwa makala yako. Unasema mwandishi anaeleza kwamba sambaza wanapungua. Andika: “Mwandishi anadai kwamba sambaza wanapungua.” Ukishaandika anadai huwezi kulala, maana msomaji atauliza: anadai kwa ushahidi gani? Unarudi kwenye kurasa zako nne, unakuta alikaa ufukweni wiki mbili akipima ndoo za wavuvi walioshuka alfajiri. Vizuri. Wiki mbili zipi?

Aliyekulia Bukavu anajua kwa nini nauliza. Sambaza wenyewe ni wageni Kivu, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wanavuliwa usiku. Mitumbwi mitatu inaunganishwa kwa miti mirefu, taa zinawashwa, samaki wanaufuata mwanga, wavu unainuliwa. Giza ndilo linaloipa taa nguvu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa inakuwa haina mvuto, na ndoo zinarudi nusu tupu hata kama samaki wamejaa chini. Sasa kama zile wiki mbili ziliangukia kwenye mbalamwezi, mwandishi hakupima upungufu wa sambaza. Alipima mwezi. Pengine hakukosea, pengine alichagua siku za giza kwa makusudi na akasahau kuandika. Hilo huwezi kumsingizia wala kumsamehe kabla hujalitafuta kwenye ukurasa. Usipolikuta, andika kwamba halipo.

Tazama ulikofika: umetoka kwenye neno moja, anadai, ukaishia kwenye mwezi. “Anaongelea kuhusu” ingekuacha pale pale nchi kavu.

Kusifu nako kunadai ushahidi. Umeniandikia kwamba sehemu ya bei “ni nzuri sana”. Nzuri kwa nini? Kama aliwasikiliza akina mama wanaouza na akaonyesha jinsi ndoo inavyopita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika sokoni, na bei ikipanda kwa kila mkono, basi hapo kitenzi ni anaonyesha, na sifa yako ina miguu. Anapuuza ndicho kizito kuliko vyote. Usikitumie mpaka ujue ni jambo gani lilitakiwa kuwemo na kwa nini.

Sokoni Kadutu simkatizi mtu. Mama akiniambia “tulikuwa tunaongelea juu ya bei”, nitamjibu na tutaelewana, maana mazungumzo yana macho na mikono ya kusaidia. Karatasi ya uhakiki haina hivyo. Ina vitenzi tu.

Aya yako mimi ningeianza hivi: “Mwandishi anadai kwamba sambaza wanapungua katika ziwa Kivu. Ushahidi wake ni ndoo alizopima kwa wiki mbili, wala hasemi mwezi ulikuwaje siku hizo. Ana nguvu zaidi kwenye bei, ambako anaonyesha, kwa maneno ya wauzaji wenyewe, mahali inapopandia.” Ni sentensi tatu tu. Kuongelea hakumo hata mara moja, na prof wako ataijua makala na kukujua wewe pia.

Na ile “ao” ya barua yako imenifurahisha, ndivyo tunavyosema nyumbani. Kwenye kazi ya prof andika “au”.